Picha Mbili, Alama Moja

Mlango wa chumba cha mitambo ulipovutwa asubuhi ile, mkono wa maiti ulitoka kwanza.

"Ukaniangukia hapa, juu ya kiatu," alisema mama wa usafi huku akiuonyesha mguu wake kana kwamba si wake tena. "Nilidhani ni waya, afande. Mle ndani waya ni wengi. Nilipoinama kuusogeza nikaona una kucha."

Inspekta alimshika bega, akamkalisha kwenye kiti cha korido.

Marehemu alikuwa fundi mkuu wa kampuni ile. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti, na upande wa ndani wa mlango rangi ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma kikaonekana. Nyuma yake makabati ya mitambo yaliendelea kuvuma, taa za kijani zikipepesa kama macho ya watu walioona jambo wakaamua kunyamaza.

Daktari wa polisi alivua glovu.

"Amekosa hewa. Ile gesi ya kuzimia moto ikimwagwa kwenye chumba kilichofungwa, pumzi chache tu mtu yuko chini."

"Moto ulikuwepo?"

"Hata njiti haijawaka humu."

Gesi ilimwagwa kwa kitufe kilichokuwa koridoni, chini ya kifuniko cha kioo. Koplo alipuliza unga wa kuinua alama za vidole, akatazama, akatikisa kichwa.

"Pamefutwa, bosi. Safi kama sahani."

"Ajali haijifuti," alisema Inspekta.

Akachuchumaa. Mlango ule ulifunguka kwa nje, na kwenye sakafu ya korido palikuwa na mchubuko mpya.

"Mama, hapa huwa unaweka nini?"

"Kabari, ninapopiga deki. Naiweka kwenye ndoo yangu siku zote. Leo nimeikuta dirishani, nikashangaa nani kaigusa."

Koplo alitazama mchubuko, kisha kitufe. Kumbe mtu alimfungia mzee mle, akabonyeza, akasimama hapa kusikiliza mpaka mkwaruzo ulipokoma. Kisha akaitoa kabari.

Mlinzi wa getini hakusaidia kitu.

"Usiku nilikuwa macho, afande."

"Nani alitoka mwisho?"

"Hapo sasa... nilikuwa macho, ila nilikuwa nimeyafumba."

Koplo alitaka kucheka, akakumbuka mkono ule, akaacha.

Kadi za kuingilia korido ile usiku zilikuwa za watu watatu tu. Mmoja ndiye huyo aliyefunikwa shuka. Wa pili alikuwa mkurugenzi, mwanamke mrefu aliyekuwa akilia bila sauti. Yeye aliondoka mapema, na jioni nzima alikuwa na wageni nyumbani kwake. Koplo alipiga simu, wakathibitisha. Wa tatu alikuwa msaidizi wa fundi mkuu.

"Nieleze kazi yenu, kama unamweleza mtoto," Inspekta alimwambia.

"Tunatunza picha za hospitali. Mionzi, vipimo vya mwili mzima. Tulianza na hospitali moja na kabati moja la diski. Sasa hospitali zimeongezeka, na picha moja ya leo ni nzito kuliko za zamani mia. Kabati limejaa pomoni."

"Mkaamua nini?"

"Tulibishana sana. Mimi nilitaka tununue kabati moja kubwa zaidi. Fundi mkuu akanicheka. Akasema, dada yangu, hilo nalo litajaa, utanunua lingine, na kila ukinunua utahamisha kila kitu upya. Akataka mtambo wa masanduku madogo yanayofanya kazi kama moja. Likijaa unaunganisha jingine, hakuna kinachosimama. Nikakubali. Wameleta juzi."

"Msaidizi wake alisemaje?"

Mkurugenzi alifuta pua. "Huyo alitushangaza. Kijana, tena anapenda vitu vipya. Lakini alishikilia tubaki na la zamani, tuongeze diski hapa na pale. Alikuwa mkali hasa."

Msaidizi alikuwa amekaa kwenye chumba cha mikutano, mikono katikati ya magoti. Shati lilikuwa limemganda mgongoni ingawa kipoza hewa kilikuwa kinafanya kazi.

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Jioni. Fundi alibaki."

"Mlielewana?"

"Alikuwa kama baba kwangu."

"Ulitaka kabati la zamani. Kwa nini?"

"Nimelizoea."

"Linajaa, linazeeka, na wewe umelizoea."

Simu yake ilitetemeka mezani. Aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka.

"Dada yangu," alisema. "Mama anapasuliwa leo. Wamenificha mpaka asubuhi hii, eti nisipate wasiwasi kazini."

"Pokea."

Alipokea huku amegeukia ukuta, lakini sauti ya dada ilikuwa kali, ikavuja mpaka kwa Inspekta.

"Dada, mwambie daktari asubiri. Mama apigwe picha upya."

"Upya ya nini? Si picha mnazitunza nyinyi hapo hapo? Mama ameshavalishwa nguo za upasuaji, we mtoto. Umekuwaje?"

"Fanya tu ninavyokuambia."

"Daktari ameuliza sababu mara mbili. Nimwambie nini, kwamba mdogo wangu ana woga? Acha kumtisha mama."

Simu ikakatwa. Msaidizi aliirudisha mezani taratibu, skrini chini.

Inspekta aliinuka. Alitoka, akamfuata mkurugenzi.

"Ule mtambo mpya, umeshaingizwa picha?"

"Jana jioni fundi mkuu alianza kujaribu. Alinipigia kwamba umekataa baadhi ya picha, anazichunguza."

"Mtambo unakataaje picha?"

"Kila faili linapoingia, mtambo unalipigia hesabu, unapata alama yake. Ni kama alama ya kidole, afande. Faili likitofautiana na jingine hata nukta moja, alama inabadilika. Mawili yakiwa na alama moja, mtambo unajua ni kitu kimoja kimenakiliwa, hauhifadhi mara mbili. Unauliza kwanza."

"Je, wagonjwa wawili wanaweza kuwa na picha yenye alama moja?"

"Haiwezekani. Hata mgonjwa mmoja akipigwa mara mbili, alama hazifanani. Kwa hiyo zile zilizokataliwa..." Mkono wake ulipanda mdomoni wenyewe.

Inspekta alihisi baridi ya chumba kile imemfuata mpaka koridoni. Alirudi kwenye chumba cha mikutano akiwa karibu kukimbia, koplo nyuma yake.

"Mdogo wangu, nisikilize. Wewe ndiye unayetunza picha. Lakini leo, picha za hapa hapa, huziamini kwa mama yako mzazi. Watu wengine wote uliwaacha wapasuliwe kwazo. Mama yako tu ndiye unataka apigwe upya."

Kijana alitazama saa ya ukutani.

"Mpigieni daktari," alinong'ona. "Nawaomba. Nyinyi ni polisi, atawasikia."

"Atauliza sababu. Nipe sababu nimpe."

Mshale wa saa ulisogea.

"Kisu hakingoji," alisema Inspekta.

"Picha ya mama huenda ni ya mtu mwingine," alisema msaidizi, na uso wake ukaporomoka. "Nilizijaza mimi. Mwambieni hivyo. Jina la mama ni hili hapa kwenye simu. Kimbieni."

Koplo aliinyakua simu akatoka mbio.

Baada ya hapo maneno yalimtoka msaidizi yenyewe.

"Diski moja ilikufa kwenye kabati la zamani. Taa nyekundu. Kabati lile linavumilia kifo cha diski moja, si mbili. Fundi alikuwa safarini, akaniambia kwa simu, toa namba tatu uweke mpya. Nikahesabu, moja, mbili, tatu, nikachomoa. Sikutazama taa. Kabati linahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo namba tatu ni diski ya nne. Nilichomoa diski nzima, nikaiacha ile iliyokufa ndani."

"Nakala za akiba?"

"Zilikuwa zimejaa, zikaacha kunakili. Kila siku tulisema tutaongeza nafasi. Picha za majuma kadhaa zikapotea. Niliogopa. Nikaandika programu ndogo ichukue picha za wengine, ibandike kwenye majina yenye pengo. Umri ukikaribiana na sehemu ya mwili ikiwa ile ile, inabandika. Sikutazama majina. Nilijiambia madaktari wameshazisoma, hakuna atakayezifungua tena."

"Na jana?"

"Fundi aliniita akanionyesha mtambo ulivyokataa. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema, mwanangu, asubuhi tutazipigia hospitali zote, mimi na wewe, nitakaa pembeni yako. Kisha akaingia ndani kuzima kabati la zamani lisitoe picha tena." Alijikunyata. "Nikawaza wale waliokwisha kupasuliwa. Nikaona pingu, nikaona mama anakuja kunitazama gerezani. Kabari ilikuwa kwenye ndoo, karibu na mguu wangu. Alinitazama kwenye kile kidirisha cha mlango, afande. Alidhani nafanya mzaha."

Koplo alirudi akihema, amejishika mlangoni.

"Alikuwa ameshalazwa usingizi. Hawajamkata. Daktari amesimamisha kila kitu."

Msaidizi aliweka paji la uso mezani, akalia kama mtoto. Inspekta alimfunga pingu akiwa ameinama vile vile.

"Wengine ni akina nani?" alimuuliza.

"Sijui. Naapa sijui. Mtambo mpya ndio unaojua."

Mkurugenzi aliuwasha. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini, mawili mawili, yakipanda bila kusimama, kila jina na simu yake. Kazi aliyoianza fundi mkuu ilikuwa inajimalizia yenyewe. Inspekta alimpa koplo simu ya mezani, yeye akachukua yake, akabonyeza namba ya jina la kwanza.

Iliita. Ikaita tena. Ikapokelewa na mtoto wa kike.

"Mama yupo?" Inspekta aliuliza kwa upole kadiri alivyoweza.

"Hayupo," alisema mtoto. "Wamempeleka kupasuliwa."