Sauti Aliyoipenda Mama Zaid

"Umu, kaa chini! Unapitapita mbele ya TV kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Umulkheir akakaa. Dakika haikuisha, akainuka tena, eti anaongeza chai. Chai yenyewe ilikuwa imejaa mpaka shingoni mwa chupa.

Jumapili hiyo mchana sebule ya mama yake, Mama Zaid, pale Old Kampala, ilifurika majirani. Wote macho kwenye drama ya Istanbul, mapenzi ya mji wa magorofa, na wote masikio kwa Vijei Kinanda, kijana anayetafsiri filamu kwa Kiswahili akiongea juu ya sauti za waigizaji.

"Wifi, huyu kijana ana kinywa, wallahi!" Mama Zaid alimwambia Hindu, dada wa mumewe. "Aliyemlea huyu amelea."

Umulkheir alijua zaidi ya hapo. Kinanda huyohuyo jina lake ni Kamis, mtoto wa Afande Otim, amezaliwa na kukulia kambi ya polisi. Ndiye ambaye Umulkheir alimtaja kwa mama yake wiki mbili nyuma, kwamba kijana huyo anataka kumwoa. Mama hakutaka hata kumwona. Na Ijumaa hii watu wa Bashir, muuza vitambaa, wanakuja kuposa.

Kwenye TV, mama wa binti wa Kituruki akanyoosha kidole. Kinanda akamwekea sauti:

"Mtoto wa kambini hana kwao! Leo kambi hii, kesho ile. Nimwozeshe binti yangu kwa gunia la nguo na kitanda cha serikali?"

Umulkheir akaganda na kikombe mkononi. Maneno ya mama yake hayo, neno kwa neno! Akachomoa simu chini ya mto wa kochi, akaandika:

"Kamis umefanya nini? Mama anatazama!!"

Jibu likaja: "Nilitafsiri na uchungu wangu, mpenzi. Nisamehe."

"Astaghafirullah!" Mama Zaid alikuwa ameshika kifua, machozi yanamtoka. "Mama gani huyu? Kijana bambi, maskini wa watu, amekosa nini? Mtu anachagua pa kuzaliwa?"

Hindu akamtupia jicho.

"Wifi, mbona maneno hayo kama niliyasikia jikoni kwako?"

"Mimi? Mimi na mchawi huyo wapi na wapi!"

Mara picha ikakatika, ikabaki sauti ya Kinanda: "Sehemu ya kwanza imeishia hapa, wapenzi wangu. Maoni, piga namba hii..."

"Hapana! Silali mimi!" Mama Zaid akaruka. "Nataka kujua kama yule mama anakubali. Umu, lete simu, yangu haina vocha."

"Mama, labda kesho..."

"Lete!"

Akabonyeza namba moja moja, akaweka spika nyumba nzima isikie. Kioo cha simu kikaandika: FARHANA FUNDI NGUO.

"Farhana? Tangu lini Farhana anatafsiri sinema?"

Kabla hajajibiwa, simu ikapokelewa.

"Umu wangu, vipi? Mama ameshatambua?"

Sauti ile ile. Sambusa zikabaki hewani. Mama Zaid akamgeukia binti yake polepole.

"Maneno yangu ya jikoni ulimpelekea wewe?"

"Nilikuwa nalia, mama. Sikuwa na mwingine wa kumlilia."

Mama Zaid akaitazama TV nyeusi, akajiona ndani yake.

"Kumbe mchawi ni mimi."

Hakuna aliyecheka, hata Hindu.

"Shikamoo, mama," simu ikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa Otim?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule mama wa filamu, mwisho anakubali?"

"Kwa Kituruki anakataa, mama, mpaka kijana anahama mji. Kwa Kiswahili bado sijamtafsiri. Nangoja aseme mwenyewe."

Umulkheir alisimama katikati ya sebule, hana mbele hana nyuma. Mama Zaid akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Wifi, wapigie watu wa Bashir. Waambie Ijumaa wasijisumbue." Kisha akaisogeza simu mdomoni. "Wewe Kinanda! Ijumaa baada ya swala uje na baba yako. Bunduki aiache kambini."

"Ahsante, mama! Ahsante sana!"

"Sijamaliza. Yule mama mbadilishie sauti. Mbona umempa sauti ya bata?"

Nyumba ikalipuka kwa vicheko na vigelegele. Umulkheir, kwa mara ya kwanza siku ile, akakaa chini bila kuambiwa.