Besi ya Meza ya Marehemu

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Nimekaa uani napepeta mchele, kitindamimba wangu akaingia amekumbatia gitaa la besi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Huyu ni mpigaji wa bendi ya harusi, mwanamume mpole, anamkaangia mkewe mayai kila asubuhi na haoni haya.

"Mama, nimechongewa kwa kipimo cha mkono wangu. Fundi kanipa wiki moja nilijaribu. Likinifaa nanunua, lisiponifaa narudisha."

"Zuri. Mbao gani hiyo?"

Akatazama vidole vya miguu. "Fundi alitaka mbao kavu, ya zamani. Kila mteja huleta yake. Nikampelekea ile meza ya baba, iliyokuwa stoo."

Ungo ukaniponyoka.

Niwaeleze hiyo meza. Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu. Wengine wanawasifu wafu. Mimi mdomo wangu haukuzoea uongo. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye meza ile, na kila saa kumi jioni akaigonga kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko. Hilo ndilo lilikuwa jina langu, maana jingine hakuniita. Chai isipofika kabla hajagonga tena, kilichogongwa baadaye hakikuwa meza. Siku alipozikwa niliikokota mwenyewe hadi stoo, nikaipindua miguu juu.

"Mbona hukuniuliza?"

"Si meza tu, mama?"

"Na nyoka ni kamba tu?"

Siku mbili zikapita kimya. Ya tatu, saa kumi, nikasikia sebuleni: ko, ko, ko. Mwanangu alikuwa bafuni, anaimba. Gitaa limelala kwenye kochi peke yake. Halikuchomekwa kwenye spika.

Mkwe wangu akachungulia kutoka chumbani. "Mama, umebisha?" akanong'ona.

"Sijabisha."

"Basi nani?"

Mikono yangu hii mizee ilikuwa tayari imeshika birika.

Hapo ndipo nilipokasirika. Miaka tisa nimemzika mtu, bado ananituma!

Siku ya nne mwanangu hakukaanga mayai. Siku ya tano alikaa mezani, gitaa mapajani. Saa kumi ikafika. Akanyoosha mkono. Akagonga. Ko. Ko. Ko. Mkewe akatoka jikoni, sahani mkononi.

"Umechelewa," akamwambia.

Sauti ilikuwa yake. Neno halikuwa lake. Akainua mkono.

Nikaudaka. "Huyo aliyekupanda namjua kabla wewe hujazaliwa," nikamwambia. "Mshushe."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akalia, mwanamume mzima, na mkewe akasimama mbali. Huko mbali ndiko kulikoniuma.

Kesho yake nikalibeba gitaa mwenyewe hadi kwa fundi, mzee mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu hanunui. Chukua takataka yako."

Hakushangaa. Akasogea karibu. "Mimi mbao huwa naigonga kwanza, nisikie sauti yake," akanong'ona. "Hii ilijibu kabla sijaigonga."

"Na ukaichonga!"

"Mteja kaleta mbao yake, mama. Ningemwambia nini?"

"Sasa ichome."

"Nichome kazi ya miezi mitatu? Yuko mwingine kalipenda. Kaoa mwezi uliopita."

Kaoa mwezi uliopita. Nikamwona huyo bibi harusi nisiyemjua, ameshika birika, masikio yamemsimama.

Nikalinunua mimi. Akiba ya kuezekea paa ikaishia pale. Mvua ikinyesha nalowa, na sijuti. Nikang'oa nyuzi zote nne. Nikalilaza kifudifudi stoo, nikatia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Mtaniuliza mbona sikulichoma. Nimelichoma mara mbili, halishiki moto. Ulizeni jingine.

Mwanangu sasa anapiga besi ya kuazima, na mayai yamerudi. Kule stoo, kila saa kumi, kugonga kupo. Mimi naweka kigoda mlangoni, nakunywa chai yangu kwa kelele mpaka majani ya chini.

"Gonga," namwambia. "Gonga mpaka vidole viishe. Hupati hata tone."

Jana jioni nikafungua nifagie. Mgongoni mwa gitaa, juu ya vumbi la miezi, kulikuwa na duara la kitako cha kikombe. Bichi. Nikaligusa. Lilikuwa la moto.

Ufunguo hautoki shingoni mwangu hata nikioga. Na jana chai alipika mkwe wangu; mimi birika sikuligusa.

Sasa nielezeni hili lengelenge la kuungua, hapa kwenye dole gumba langu.