Halbadiri Iliyofutwa

Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo, mlango mzima, na cherehani mpya ya umeme imetoweka. Kwenye rafu ilibaki alama yake tu katika vumbi.

Inspetora Alima aliinama, akachunguza, akainuka. "Mwizi ana ufunguo."

"Si nilisema!" alidakia Abdulswamad, mwenye duka. "Ufunguo tunao wawili tu. Mimi na huyu mfagiaji."

Mfagiaji ni Zainabo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso kaufunika kwa ncha ya leso. Abdulswamad alikwishaumwaga mfuko wa mama huyo katikati ya barabara ya Mocímboa: leso, sabuni, hadi nguo za ndani. Watu wakasimama kutazama, wasio na haya. Hata Latifo, muuzaji wa dukani, alisimama akatazama, kimya.

"Na kesho baada ya swala ya Ijumaa nasomesha Halbadiri," Abdulswamad alinguruma. "Mwizi avimbe tumbo!"

Alima hakubishana na kisomo. Alimpandisha Zainabo kwenye gari la polisi, na usiku ule mama wa watu akalala kwenye sakafu ya mahabusu.

Kesho yake, kabla ya adhana ya Ijumaa, Abdulswamad alifika kituoni peke yake. Kanzu imepigwa pasi, uso umenyauka.

"Halbadiri nimeifuta, Inspetora. Na yule mama mwachie. Yaishe."

"Jana ulitaka mtu avimbe tumbo. Leo imekuwaje?"

"Basi tu. Nimesamehe."

"Usinichezee. Mwalimu wa kisomo kakwambia nini?"

Alikohoa. "Kasema kisomo hakichagui. Kinampata yeyote aliyeshikilia haki ya mwenziwe. Hata aliyekiagiza."

"Na wewe umeshikilia haki ya nani?"

Jasho lilimtoka. "Ya Latifo. Malori yakija usiku, hushusha mzigo mpaka alfajiri. Anadai malipo ya saa za ziada. Nikamwambia, wewe una kamisheni, kila cherehani inayouzwa una fungu lako. Wataka nini tena?"

"Usiku wa manane anamuuzia nani cherehani? Popo?"

Abdulswamad alijifuta uso kwa kitambaa.

"Kamisheni ni ya kuuza," Alima alisema. "Kazi baada ya saa za kazi ina malipo yake, kamisheni haiyafuti. Juzi usiku lori lilikuja?"

"Lilikuja."

"Nani alifunga duka?"

"Latifo. Nilimwachia ufunguo wangu, nikaenda kulala."

Alima alipiga meza. "Na jana ukaniambia ufunguo mnao wawili!"

"Ningemtaja, ungeuliza alikuwa akifanya nini dukani usiku. Niliona haya."

"Loo! Ukaona heri mwanamke wa watu alale mahabusu!"

Latifo hakukimbia. Alima alimkuta dukani akifuta vioo.

"Cherehani iko wapi?"

"Diaca, kwa shangazi yangu. Haijashona hata pindo."

"Kwa nini, Latifo?"

"Nilidai jasho langu, Inspetora. Akanicheka mbele ya wateja: 'Nyama unakula, na mifupa unaitaka?' Nikasema basi, nitajilipa mwenyewe." Akakiweka chini kitambaa. "Halbadiri sikuiogopa. Lakini mama Zainabo anamwagiwa nguo zake barabarani, nami nimesimama, nimenyamaza. Hilo ndilo linalonila. Nifunge tu."

"Haki yako ungeipeleka kwa wakaguzi wa kazi," Alima alisema, akitoa pingu. "Sasa nawe umekuwa mwizi." Hakufurahia kusema hivyo.

Kituoni, Zainabo alitolewa mahabusu. Abdulswamad alirudisha mlango wa ofisi kwanza, ndipo akanong'ona, "Mama Zainabo, tuwie radhi."

Zainabo alijifunga leso yake vizuri. Hakuwa na haraka.

"Humu ndani? Na mlango umeufunga? Aibu mlinipa barabarani, radhi mnaniomba chumbani?" Akamgeukia Alima. "Nawe mwanangu, gari ulinipandisha watu wakiona. Twendeni dukani, sote."

Alima alichukua kofia yake, akaufungua mlango.

Walifika wakati watu wanatoka msikitini. Wakasimama kutazama, kama jana. Abdulswamad alibaki akiinyoosha kanzu yake. Latifo, mikono imo kwenye pingu, ndiye aliyeanza kuomba radhi. Alima alivua kofia yake ya kazi, akaishika mkononi, akangoja zamu yake.