Ujumbe Usiofika kwa Mkunga

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, msichana mmoja wa darasa la sita alitumwa huku na kule. Majirani walimpa jina la Redio, kwa kuwa ujumbe aliupeleka neno kwa neno, hata kikohozi cha mtumaji hakukiacha.

Siku hiyo alitumwa mapema, saa kumi. Mama yake alikuwa na mimba ya wiki thelathini na tatu.

"Mwanangu, kimbia zahanati. Mwambie mkunga nguo zangu zinalowa kidogo kidogo, sijui kama ni mkojo. Akwambie nifanye nini."

"Sawa, mama."

Njia ilipita kando ya uwanja. Wenzake walikuwa wamepungukiwa na mchezaji mmoja wa mpira wa pete.

"Redio, leo betri zimeisha?" mmoja alimtania. "Ingia, dakika kumi tu."

Dakika kumi zikazaa saa mbili. Alipofika zahanati, alikuta kufuli mlangoni.

"Kasemaje?" mama aliuliza aliporudi nyumbani.

"Anasema ni kawaida. Upumzike."

Mama alishusha pumzi, akajilaza.

Asubuhi maji yalimwagika mengi, yakalowesha godoro. Jirani aliwapeleka zahanati kwa gari lake. Mama aliingizwa kwenye chumba cha vipimo, Redio akabaki kwenye benchi. Baadaye mkunga alitoka na faili.

"Chupa ya uzazi, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, imepasuka mapema, na maji yaliyobaki tumboni ni machache. Mama yako amenitajia maji ya asubuhi tu. Yalianza kutoka lini?"

"Leo asubuhi," alijibu Redio. Mkunga akaanza kuandika. "Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa. Chupa ikishapasuka, vijidudu vimepata njia ya kumfikia mtoto. Kadiri muda unavyopita, hatari inaongezeka. Dawa nitakazompa mama yako zinategemea muda huo."

Redio alitazama viatu vyake. Vilikuwa bado na vumbi la uwanjani.

"Basi usiandike asubuhi. Ni jana saa kumi. Nilitumwa kwako nikaenda kucheza. Jibu nililompa mama nililitunga mwenyewe."

Mkunga hakumfokea. Alikata alichoandika, akaandika upya, akaenda kabatini. Mama alipewa dawa za kuua vijidudu na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, kisha gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa.

Siku ya sita alizaliwa mtoto wa kiume, kilo mbili kasoro. Alilazwa siku tisa katika chumba cha watoto njiti, mbili za kwanza akisaidiwa kupumua.

Waliporudi nyumbani, mama alimketisha Redio kando yake.

"Mkunga ameniambia yote. Mdogo wako amesaidiwa na dawa, na ukweli wako ulifanya zisichelewe zaidi. Lakini ungeniambia jioni ile ile, tungeokoa usiku mzima. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama utagombezwa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kwa mkunga. Mwambie mtoto ananyonya vizuri na hana homa. Usubiri jibu lake."

Redio alipita kando ya uwanja. Wenzake walimwita mara mbili. Aliwapungia mkono, akaendelea na safari.