Simu Ililia Mara Moja

Sokoni Musoma, miaka ile simu ya mkononi ni ya tajiri, Bernado alimshika samaki sato mkia, mtu mwingine akamshika kichwa.

"Kaka, achia," alisema msichana wa gauni la kitenge cha njano, hereni zikicheza.

"Mchukue, dada. Ila unipikie."

"Weee! Kwetu Bunda mtu hapikiwagi kabla hajaleta ng'ombe."

Huyo ndiye Gati. Haukupita mwezi, mtaa mzima wa Kamunyonge, alikokaa Bernado, unawasema.

Bernado aliandika programu ya kompyuta ya kiwanda cha samaki. Ilikuwa na nyuzi tano, yaani kazi tano zinazokwenda pamoja, na kila akiijaribu inakwama.

"Mtoto wako anaumwa nini?" Gati alimtania.

"Natuma ishara ya kusimama. Uzi mmoja ndio unatakiwa kuipokea, ufunge kazi. Lakini inadakwa na uzi wowote, mwenyewe anabaki anangoja."

"Pole yake. Sasa shika ishara yangu. Kuna mtu wa Buhemba analeta posa. Wakifika, nitapiga ofisini kwenu. Ikilia mara mbili ikakatika, mchukue mjomba wako mje kuniposa hapo hapo. Kuongea siwezi, simu iko dukani kwa baba."

"Nitakuja hata kwa miguu, mama."

Ofisi ilijaa watu, simu moja. Alhamisi Bernado alijifungia chumba cha nyuma, akaziziba masikio nyuzi zote, akaacha mmoja tu usikilize. Akajaribu. Ikasimama. Akarudia, ikasimama tena.

"Marieta! Imekubali!" alimwita mwenzake wa ofisini.

"Hongera! Njoo chai. Halafu hii simu yetu mbovu. Asubuhi imelia mara moja, nimeiwahi, 'Haloo, mpenzi!' Ikakatwa."

Bernado aliacha kucheka. Nyuzi alizikataza zote. Marieta hakumkataza.

Alipofika Bunda na mjomba wake, ng'ombe wageni walikuwa zizini na wazee wanapokezana togwa. Gati alikuwa nyuma ya jiko, macho mekundu.

"Nilipiga. Akapokea mwanamke, anakuita mpenzi."

"Ni Marieta wa ofisini! Anawaitaga hivyo watu wote, hata bosi!"

"Ningejuaje? Baba kaniuliza, nimesema ndiyo."

"Kaseme hapana."

"Ng'ombe wameshapokelewa, Bernado. Nimwaibishe baba mbele ya wazee?" Akamfuta vumbi begani. "Nenda, mpenzi."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Programu haijakwama tena. Simu ya ofisi ikilia, Marieta anakalia mikono yake, wote wanamngoja Bernado. Naye huiacha kwanza ilie mara mbili.