Milimita za Kezia

Kila siku saa tatu asubuhi Kezia aliruhusiwa kutoka darasa la sita aende kwenye kipimo cha mvua, nyuma ya ofisi ya walimu, shuleni kijijini Kitahana. Alisoma milimita, akaziandika daftarini. Mwalimu Hilali alitia sahihi bila kuinua macho. Wakubwa wana kazi nyingi. Hata kutazama karatasi iliyo mbele yao huwashinda.

Mwaka 2013 mama yake alifariki. Novemba mvua ikagoma, kisima cha karibu kikakauka, na Kezia akawa anateka maji bondeni. Alirudi jua limekwisha kupanda, akafika shuleni saa tatu imeshapita. Basi, akiogopa kumpelekea mwalimu nafasi tupu, akawa anatazama mawingu tu, ndoo kichwani. Yakiwa meusi, aliandika kumi na mbili. Yakiwa mepesi, tatu. Mawingu yenyewe yalipita kila siku kwenda kuwanyeshea wengine.

"Mtabiri, leo umeota milimita ngapi?" Majaliwa, jirani yake darasani, alimtania.

"Zinazokutosha kunawa uso," alijibu, akalifunika daftari haraka.

Desemba yalisomwa majina ya vijiji vitakavyopewa mbegu za msaada. Chao hakikuwemo. Mahindi ya baba yake, Manirambona, yalikuwa yamekauka, na mbegu ya akiba walikuwa wamekwisha kuila.

"Walioandika hiyo orodha hawajawahi kulala na njaa," alisema baba.

Wanakijiji walilalamika mpaka akatumwa Bi Asnath, mtaalamu wa hali ya hewa. Alikaa ofisini na daftari. Wazazi walijaa mlangoni.

"Satelaiti haioni tone likianguka," aliwaeleza. "Inapima ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha inakisia mvua. Siku hizi inakisia vizuri kuliko zamani, ila mvua nyingine hukauka hewani. Ndiyo maana tunalinganisha na kipimo cha ardhini. Hapa vyote viwili vinasema imenyesha."

"Daftari letu ni safi, mama," alisema Mwalimu Hilali. "Lina sahihi yangu."

"Safi kama sahani yangu," alisema Manirambona.

Kezia aliitwa athibitishe. Akikubali, hakuna atakayejua, na mbegu hazitakuja. Akikana, baba yake atasikia ni nani aliyewanyima.

"Linasema uongo," alisema, machozi yakimtoka. "Sikupima. Nilitazama mawingu."

Hata Majaliwa, aliyekuwa akichungulia dirishani, hakucheka.

"Basi mlikuwa satelaiti mbili," alisema Bi Asnath polepole, "na ardhini hapakuwa na mtu."

Alizifuta siku zile zote, na kijiji kikaingizwa kwenye orodha. Lakini mbegu zilifika mwishoni mwa Januari. Wakati wa kupanda mahindi ulikuwa umepita, wakagawiwa maharage. Baadhi ya majirani walikuwa wamekwisha kuhama kutafuta vibarua.

Asubuhi moja, wakipanda, Manirambona aliegemea jembe. Tangu siku ile hakuwa amemsemesha sana.

"Mwana wanje, mwanangu, mwenye sahihi ana kosa lake, nami nina langu. Lakini ungeacha nafasi tupu, wangelazimika kuuliza. Namba ya uongo iliwapa ruhusa ya kulala. Usichokijua, sema hukijui, hata kama mkubwa atakasirika. Uongo wetu sisi maskini hauwafikii wao. Tunaula sisi wenyewe."

Akainama, akaokota ndoo ya Kezia iliyokuwa kando ya shamba.

"Nenda ukapime. Maji nitateka mimi."