Masikio ya Jumapili

Ndugu zangu wa Muganza, na ninyi mlio mbali, tegeni sikio niwaeleze habari ya nyumba ya mzee Protais. Nyumba nyingi zinafanana nayo.

Zamani, jua likielekea milima ya Kongo, Protais alirudi kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mweupe mwili mzima kwa vumbi la pumba, akaketi barazani na mkewe Mukamusoni. Mke alichambua maharage, mume alimenya ndizi, na maneno hayakuisha. Majirani walisema wale wawili hawahitaji redio.

Lakini ile mashine ilimla masikio kidogo kidogo. Kwanza zilipotea sauti za ndege, kisha za watoto, mwisho ya mkewe. Mukamusoni alirudia neno mara mbili, mara tatu, halafu akachoka. Akabaki kumwonyesha kwa mkono: kula, njoo, ondoka. Kwenye pombe ya ndizi wenzake walimcheka mbele ya macho yake.

"Mumuache Protais," alisema mmoja wao, Wenceslas. "Huyu ni ukuta. Ukuta haudaiwi jibu."

Protais alicheka pamoja nao, asijue anachocheka.

Binti yao Teta, anayeuza vitenge mjini Kamembe, alimwona baba yake akicheka hivyo, na moyo ukamuuma. Alijinyima mpaka akampatia vifaa vya kusikia, viwili, vidogo kama punje za maharage. Fundi wa masikio alimvika mbele ya mkewe, akamwambia uso kwa uso: "Papa, uvae kila siku. Kichwa chako kimesahau sauti, lazima kijifunze tena. Mwanzoni hata sahani zitakupigia kelele. Vumilia."

"Papa Teta, unanisikia?" aliuliza Mukamusoni, kwa sauti ya kawaida.

Protais aligeuka, macho yamemjaa maji. "Sauti yako imezeeka, Maman Teta."

"Na weye, uso wako umeuona?"

Walicheka mpaka fundi naye akacheka. Laiti habari hii ingeishia hapo!

Mukamusoni alilelewa katika nyumba ambamo viatu vilibebwa mkononi njia nzima, vikavaliwa karibu na mlango wa kanisa. Kwake yeye, kitu kizuri kilikuwa cha kutunzwa. Walipofika nyumbani alivifunga vile vifaa katika kitambaa, akaviweka sandukuni pamoja na nguo yake ya harusi, akapiga kufuli.

"Bile bintu ni bya Misa na bya bageni," alimwambia mumewe kwa sauti kubwa. "Utabivala kwa kumenya ndizi? Jasho litabiharibu bule."

Protais alitaka kubisha. Lakini alikwisha kuzoea kimya, na kimya nacho kina uvivu wake. Akakubali.

Ikawa anavivaa Jumapili tu. Kichwa kisichozoea kilipigwa na ngoma, vipaza sauti na vigelegele kwa pamoja, naye akavivua njiani, kichwa kinamgonga. Kuanzia Jumatatu wakarudi kwenye ishara za mkono. Teta alipouliza kwa simu, mama yake alijibu kwa fahari, "Usiogope, tunabitunza sana."

Msimu wa mvua Mukamusoni alishikwa na homa na maumivu makali ya tumbo. Aliita kutoka chumbani. Protais alikuwa barazani, amegeuzia mlango mgongo, anamenya ndizi. Mke aliita mpaka sauti ikakauka. Jirani yao Mukagasana, akitoka shambani, ndiye aliyesikia akaingia mbio.

Hospitalini, Teta akiwa amefika, Mukamusoni alimtazama mumewe, midomo ikacheza. Protais aliinama. Aliona midomo tu.

"Anasema nini?" aliuliza kwa kelele, maana kiziwi hajui ukubwa wa sauti yake. Wagonjwa wote waligeuka.

"Maman, niambie mimi," alisema Teta. "Nitamwambia kwa nguvu sikioni."

Mukamusoni alitazama vitanda vile, na watu wale asiowajua. Kuna maneno ambayo mke hawezi kumpa mumewe kupitia kinywa cha mtoto, tena kwa kupaza sauti. Akatikisa kichwa.

"Acha. Nitamwambia mwenyewe, kwetu nyumbani."

Hakurudi nyumbani ila kwa kuzikwa.

Baada ya matanga Protais alivunja kufuli la sanduku. Sasa anavivaa kila siku, na kichwa kimezoea. Anasikia kuku wakiparua uani, mvua juu ya mabati, malori ya saruji barabarani. Mara kwa mara anamwuliza Teta, "Mama yako alitaka kuniambia nini?"

"Sijui, Papa. Hakuniambia."

Jibu hilo analisikia vizuri, kila neno.

FUNZO

Ndugu zangu, Mukamusoni hakuwa mwanamke mbaya. Alikitunza kifaa, akamsahau mwenye sikio. Kifaa cha kusikia si nguo ya sikukuu. Kivaliwe kila siku, kivuliwe wakati wa kuoga na kulala, kikae pakavu. Kikikuumiza kichwa, rudi kwa fundi akirekebishe, usikitupe sandukuni. Nawe unayeishi na mtu asiyesikia vizuri, usimcheke, wala usichoke kumrudia neno. Mtazame usoni, useme naye leo, kwa maana maneno uliyomwekea huenda ukazikwa nayo.